Mafuta yakigeuka ukungu

Petroli ya taa ikitulia katika sahani baridi haishiki moto upesi (lakini msiijaribu!). Petroli ile ile ikirushwa hewani, matone madogo madogo kama ukungu, inawaka mara moja.

Ndege kubwa zinatumia mafuta ya jamii hiyo. Ndege ikianguka na mabawa kupasuka, mbio yake inatawanya mafuta kuwa ukungu, na watu waliopona pigo la kwanza wanaungua.

Basi wataalamu wa Uingereza walitengeneza dawa iitwayo FM-9, sehemu 3 tu katika 1,000 za mafuta. Chembe zake ni ndefu kama nyuzi. Mafuta yakitiririka polepole yanaenda kama kawaida. Yakirushwa kwa nguvu yanakuwa mazito, yanaanguka matone makubwa. Taabu ni kwamba injini yenyewe inataka ukungu! Ikabidi kila injini ipewe mashini ya kukata nyuzi zile kwanza.

Tarehe 1 Desemba 1984, huko California, Marekani, waliangusha kwa makusudi Boeing 720 yenye tani 34 hivi za mafuta hayo. Ndani mlikuwa na masanamu tu. Rubani aliiongoza toka chini. Bawa la kushoto likagusa kwanza, ndege ikapinda, na chuma kimoja kati ya vile vilivyopandwa ili kupasua mabawa kikaingia katika injini. Moto ukalipuka, kuuzima kulichukua zaidi ya saa moja. Mwaka 1985 wakuu wa mambo ya ndege Marekani wakaacha mpango wa kuilazimisha dawa hiyo.

Kwetu shimoni mazuti haina dawa ya namna hiyo. Tiyo yenye tundu kama la sindano, karibu na egzoste ya moto, inafanya ukungu ule ule. Dereva akiona tiyo inavuja, azime motere, aite fundi. Asipapase kwa mkono kutafuta tundu: mazuti yenye nguvu nyingi hutoboa ngozi, na kidonda hicho, hata kikiwa kidogo, ni cha hospitali siku ile ile.

Tena mtu aliyetoka katika moto, hata ngozi yake ikiwa nzima: sauti ikikwaruza, au puani mkiwa na masizi, apelekwe pale pale, asingoje kesho. Koo linaweza kuvimba na kuziba pumzi baada ya masaa machache.