Mrowani Mdogo wa Bustani

Katika miti ya mapambo ipandwayo Uingereza, ambako bustani nyingi ni finyu, hakuna, kwa rai yangu, unaostahiki sifa kuliko mrowani mdogo uitwao Sorbus vilmorinii, ambao asili yake ni milima ya kusini magharibi ya China, nao ulipewa jina kwa heshima ya Maurice de Vilmorin, Mfaransa aliyekuwa bingwa wa mimea. Kimo chake aghalabu hakizidi sana mita 5, na majani yake membamba, yaliyopangika mfano wa unyoya, hugeuka rangi ya damu ya mzee kabla ya kupukutika. Lakini fahari yake hasa ni matunda, ambayo huanza mekundu sana, kisha, kadiri baridi inavyozidi, hufifia taratibu yakawa ya waridi, na mwisho karibu meupe, yakining'inia vichala vichala hata baada ya majani kwisha. Maana ndege, ambao huyavamia mapema matunda mekundu ya mirowani mingine, haya huchelewa kuyagusa.

Mwenye kuutaka na aupande majira ya baridi, mti ukiwa umelala, mahali penye jua na udongo usiotuamisha maji, naye asiache kuunywesha kiangazi cha kwanza. Mkasi hauna kazi kubwa hapa. Ila akiona machipukizi yamenyauka na kuwa meusi kana kwamba yameungua, ajue ni maradhi ya bakteria, alikate tawi hilo upesi, chini kabisa ya palipodhurika, na alichome moto.