Majumba ya Jabalini na Mbwa wa Shemeji

Mei iliyopita tulijaaliwa kumtembelea ndugu yetu anayeishi na ahali yake Phoenix, katika jimbo la Arizona, Marekani. Kabla hatujaondoka alitutahadharisha kwamba sasa nyumbani kwake mna mbwa. Mkewe haoni, na mbwa huyo amefunzwa kumwongoza njiani, kumsimamisha ukingoni mwa barabara na kumwepusha na vikwazo. Mama, ambaye tulifuatana naye, alinyamaza. Siku ya pili akatuuliza kwa sauti ya chini: "Na sala zetu je?"

Swali lake lilikuwa la haki. Sisi tuliolelewa katika madhehebu ya Shafi'i tumefundishwa kwamba mbwa ni najisi, na kwamba alipopagusa kwa unyevu huoshwa mara saba, moja yake kwa udongo. Lakini tumefundishwa vilevile, na hili husahaulika upesi, kwamba kikavu kikigusa kikavu hakihamishi najisi, kwamba Mtume (s.a.w.) aliruhusu mbwa wa kuwinda, wa mifugo na wa shamba; na wako wanazuoni wa zama zetu waliomkisia mbwa wa asiyeona na hao. Wamaliki, kwa upande wao, humhesabu mbwa aliye hai kuwa tohara. Mama alisikiliza yote hayo, akasema amefahamu, ila garini yeye atakaa mbele.

Safari yetu ilikuwa ya kwenda Montezuma Castle, mwendo wa kama saa moja na nusu kaskazini mwa Phoenix. Mesa Verde, kule Colorado, kuna majumba makubwa zaidi, lakini baadhi yake hufikiwa kwa kupanda ngazi za mbao. Hapa njia ni fupi, imesakafiwa, na mbwa anaruhusiwa maadamu amefungwa kigwe.

Jina la mahali hapo ni kosa la walowezi, waliodhani ni kazi ya Montezuma, mfalme wa Waazteki. Waliojenga ni watu ambao wataalamu huwaita Sinagua, nao walikwisha kuhama mnamo 1425 hivi, kabla mfalme huyo hajazaliwa. Katika pango la jabali la chokaa, takriban mita 27 juu ya bonde, walisimamisha kwa mawe na udongo jumba la ghorofa tano lenye vyumba kama 20. Limeelekea kusini, lipate jua la kipupwe. Mafuriko ya kijito cha Beaver Creek hayalifikii.

Mtoto wetu aliuliza: "Hawa ndio Thamudi?" Tukamwambia sivyo. Thamudi walichonga majabali huko al-Hijr, Arabuni. Hawa walijenga kuta ndani ya pango lililokuwapo. Wala hatuna ruhusa ya kuwabebesha watu adhabu ya wengine kwa kufanana makazi. Wahopi, wanaoishi Arizona hadi leo, huwataja wenyeji wa hapa miongoni mwa wazee wao.

Tangu 1951 wageni hawaruhusiwi kupanda humo, hivyo sote tulisimama chini. Shemeji alimwomba mtoto amhesabie madirisha na amweleze rangi ya ukuta. Kisha akapapasa gome la mti uitwao sycamore kando ya kijito, laini na baridi, naye ndugu yetu akamwambia kuwa boriti za dari kule juu ni za mti huo huo. Hapo shemeji akacheka, akaukumbatia mti.

Jua lilikwisha kuwa kali. Mbwa alikuwa akihema, na shemeji akawa anatafuta bakuli ndani ya mkoba asilione. Mama ndiye aliyelitoa, akalijaza maji ya chupa yake mwenyewe, akaliweka chini na kurudi nyuma hatua mbili. Baadaye alituuliza kama tunaikumbuka hadithi ya yule aliyemnywesha mbwa mwenye kiu kwa khofu yake, akasamehewa.

Tuliposali Adhuhuri mbwa alifungwa mbali kidogo, chini ya mti. Shemeji alimweleza Mama kwamba Ramadhani mbili hajasali Tarawehe msikitini, kwa kuwa hapana mahali pa kumwacha mbwa, naye haoni vyema kumtegemea mumewe kila usiku. Tukamkumbusha ndugu yetu habari ya Leicester, Uingereza, mwaka 2008: baraza la sheria za Kiislamu lilitoa fatwa, na kijana asiyeona akaruhusiwa kufika msikitini na mbwa wake, akimwacha mahali palipotengwa mlangoni. Mbwa wa watu wa Pangoni naye, Qur'ani yatuambia, alikaa kizingitini.

Kazi yetu katika kamati ya msikiti ni kuandika, basi usiku ule tulikaa na shemeji tukaandika barua kwa kamati ya msikiti wao. Inaomba kivuli, pete ya kufungia kigwe na bomba la maji upande wa nje. Jibu bado halijafika. Mama hupiga simu Phoenix kila Ijumaa kuuliza.