TULIWAPA UNGA, MBONA WAMETUFUNGIA MLANGO?

Ndugu wakulima wa Mwamapalala, mwezi Machi 2023 kimbunga Freddy kiliipiga nchi jirani ya Malawi. Mamia ya watu walikufa. Mashamba yalizama. Tanzania ilipeleka tani 1,000 za unga wa mahindi, pamoja na mablanketi, mahema na fedha.

Miaka miwili baadaye mambo yaligeuka. Machi 2025 Malawi ilizuia unga, mchele, tangawizi na ndizi kutoka nje. Ilitaka kuwalinda wakulima wake. Tena fedha zake za kigeni zilikuwa haba. Mazao ya wakulima wetu yakakwama, na ndizi haingoji! Mwezi Aprili Tanzania nayo ikazuia mazao ya Malawi.

Mkulima anaweza kuuliza: tuliwalisha, mbona wanatufungia mlango? Mimi naona swali hilo si la haki. Unga ule haukuwa mkopo. Aliyeula ni mtu aliyepoteza nyumba, wala si yeye aliyeandika amri ya kufunga mpaka.

Malawi haina bahari. Sehemu ya mizigo yake hupita bandari ya Dar es Salaam. Kwa hiyo kila upande ulikuwa na cha kupoteza. Wakaanza kuzungumza, na Tanzania ikaondoa zuio lake.

Sisi wa pamba tusicheke. Pamba yetu nayo huuzwa nje. Na mwenye mahindi ya kuvusha mpaka, aulize habari za kibali ofisi ya kilimo kabla ya kukodi lori.