Kukri ndogo iliyofuliwa kwa mkono: unalipia moto na maji ya mhunzi

Msimu huu nimeshakutana na wakulima kadhaa wa parachichi na nyanya wakiwa na kisu kilichopinda katikati, kifupi kuliko panga, kinene mgongoni. Wengine wamekiagiza mtandaoni, wengine wamempelekea mhunzi picha kwenye simu. Swali lao ni moja: hiki kitu kina kazi kweli au ni fasheni tu? Kina kazi. Ila si kila kazi, na si kila kinachouzwa kwa jina hilo kinafaa kuingia shambani.

Kukri ni kisu cha Nepali. Dunia imekijua kupitia askari wa Gurkha, lakini kwao ni kifaa cha mkulima: kinapasua kuni, kinakata malisho ya nyati na mbuzi, kinachinja, na jikoni kinakatakata mboga. Ya kawaida hufika sentimita 40 hadi 45 ukipima na mpini wake. Hiyo ndogo ninayoizungumzia ina bapa la sentimita 15 hadi 20 hivi.

Panga letu ni refu na jembamba, kama milimita 2 au 3, na nguvu yake inatokana na urefu na kasi ya mkono. Kukri uzito wake uko mbele, pale kwenye mpindo, na kwa sababu ya ule mpindo makali yanafika kwenye mti yakiwa yamelala kidogo, kwa hiyo yanakata huku yanateleza. Huhitaji kurusha mkono mbali. Ndiyo maana inafaa ukiwa umebanwa: katikati ya mistari ya nyanya, chini ya miti, kwenye banda. Kuchonga mambo, kukata miti ya kusimikia nyanya, kukatakata matete ya ng'ombe, kupasua kuni ndogo, hapo utaipenda. Kufyeka nyasi haiwezi, chukua fyekeo. Na tafadhali usipogolee parachichi wala kahawa. Kidonda cha kukata kwa kurusha kinachanika na magonjwa yanaingilia hapohapo. Mkasi na msumeno wa kupogolea upo kwa ajili hiyo.

Kabla hujatoa hela

Sasa tuje kwenye unachonunua hasa. Chuma chenyewe si cha ajabu. Wahunzi wa Nepali kwa sehemu kubwa wanafua springi za malori, kama wanavyofanya wahunzi wengi wa kwetu. Tofauti inatokea mwishoni. Kisu kikishakuwa na umbo, mhunzi anakipasha hadi kiwe chekundu, kisha anachukua birika na kumimina maji taratibu kwenye makali tu. Makali yanapoa ghafla na kuwa magumu. Mgongo unapoa polepole, unabaki laini kiasi. Ukipiga mti mgumu, makali yanashika na mgongo unameza mshtuko bila kuvunjika. Sehemu ngumu kuliko zote ni tumbo la kisu, pale kwenye mpindo, kwa sababu ndipo pigo linapotua.

Kazi hiyo huioni kwa macho. Kisu kilichong'arishwa kama kioo, chenye kichwa cha simba kwenye mpini, kinaweza kuwa chuma laini tupu kilichotengenezwa kwa ajili ya watalii wanaopita mitaa ya Thamel kule Kathmandu. Hicho kitundike ukutani. Ukitaka cha kazi, chukua tupa ndogo uiguse kwenye makali, sehemu ya tumbo. Tupa iteleze, iume kwa shida. Ukiigusa mgongoni iume vizuri zaidi. Ikiwa inauma sawasawa kote, mwulize muuzaji amepasha na kupoza nini. Muuzaji wa mtandaoni ambaye hajui kueleza chuma ni cha nini na sehemu gani imegumishwa, mpite.

Kikishafika mikononi mwako, kijaribu kwenye mti mkavu mgumu, mapigo kumi na mawili hivi, halafu angalia makali kwenye mwanga. Yamejikunja? Ni laini mno. Yamemeguka vipande? Ni magumu mno, na siku moja kipande kitaruka. Yote mawili ni sababu ya kurudisha.

Mpini nao ukague. Shika bapa, tikisa. Kusiwe na mchezo wowote. Angalia msuka, ule mkia wa chuma unaoingia ndani ya mpini: kuna unaoishia katikati, kuna unaotokea mwisho na kupigwa kofia, na kuna bapa lililoendelea lote huku vipande viwili vya mti vimepigwa ribiti pembeni. Kwa kazi ya kupiga kila siku mimi ningechukua huo wa ribiti. Mipini mingi ya asili imeshikiliwa kwa gundi ya utomvu inayolainika kwenye joto, kwa hiyo usiache kisu juu ya dashibodi ya gari saa saba mchana.

Utaona pia kijipengo karibu na mpini. Hadithi zake ni nyingi, za dini na za vita. Kwako wewe ni alama ya mahali pa kuishia unaponoa. Na ile hadithi kwamba kukri haiwezi kurudi alani bila kuonja damu, jiulize tu: mama wa Nepali anayekata vitunguu kila jioni angebaki na vidole vingapi?

Vidole hupotelea kwenye ala

Hapa nisikilize vizuri. Ala ya kukri ni vipande viwili vya mti vilivyofunikwa ngozi. Upande wa makali kuna mshono tu, na kisu kikali kinaweza kuupasua. Mtu akizungusha vidole vyote kwenye ala kisha akavuta kwa nguvu, makali yanapita kwenye mshono na kukuta vidole. Shika ala kwa upande wa mgongo, vidole visifike upande wa makali, kisha vuta polepole huku mgongo wa kisu ukilalia ala. Kurudisha, vilevile. Mfundishe kila kibarua kabla hujamkabidhi. Na ukienda mjini au ukipanda bodaboda, kiweke ndani ya begi, si kiunoni. Askari hatajua kama unatoka kwenye nyanya.

Kunoa, na ile grainda

Hasara kubwa ninayoiona ni ya grainda. Kijana ananunua kisu kizuri, kikipungua makali kidogo anakipeleka kwa fundi wa kuchomelea, cheche zinaruka, kinarudi kinang'aa. Ukiona makali yamegeuka rangi ya bluu, ule ugumu umeondoka na hakuna kinoo kitakachourudisha. Itabidi mhunzi akianze upya.

Noa kwa mkono. Tandika msasa namba 400 juu ya kipande cha mpira, lowesha maji, kisha buruta kisu kwa kurudi nyuma, mgongo ukitangulia, ukifuata mpindo kuanzia kijipengo hadi ncha. Halafu 800, halafu 1000 au zaidi. Mpira unabonyea kidogo, kwa hiyo makali yanabaki na tumbo lake la mviringo, ambalo ndilo linalostahimili kupiga. Kile kisu kidogo butu kinachokuja ndani ya ala, chakmak, ni cha kunyoosha makali kati ya kunoa na kunoa. Mwenzake mkali, karda, ni wa kazi ndogondogo.

Chuma hiki kinashika kutu upesi. Jasho, utomvu wa mgomba, maji ya nyanya, vyote vinakula. Osha, kausha, pitisha mafuta ya cherehani. Kama unakatia chakula, tumia ya nazi kidogo. Kisilale ndani ya ala kwa wiki nzima, ngozi inatunza unyevu.

Nimalizie na wenye migomba. Mnyauko bakteria, ule ambao Kagera wanauita unyanjano, unasafiri kwenye visu. Kutoka mgomba mmoja kwenda mwingine lazima usafishe kisu: kukipitisha kwenye moto, au kukichovya kwenye jiki, sehemu moja ya jiki kwa tano za maji. Kukri inateseka kwa vyote viwili. Moto unaweza kuondoa ule ugumu uliolipia, na jiki inaleta kutu ndani ya saa chache usipoisuuza na kuipaka mafuta. Kwa hiyo kwenye migomba tumia kisu cha bei chee ambacho huogopi kukiunguza, kipake rangi nyekundu mpini ili kisichanganywe, na kukri iache kwenye mambo na matete.