Mbao mbili ni nafuu kuliko mlango wa mama

KUNA swali ambalo kila msafiri wa barabara za udongo mpakani analifahamu. Gari likishazama kwenye matope, taniboi anageuka nyuma na kuuliza: "Nani ana kitu cha kuweka chini ya tairi?"

Masika haya nililisikia tena ndani ya Hiace, upande wa Gisuru. Abiria tulitazamana. Mwishowe macho yote yakatua kwa mama mmoja aliyekuwa na mikeka sita mipya ya kupeleka sokoni. Akatoa miwili. Tairi likaimeza, likaitafuna na kuitupa nyuma vipande vipande. Tuliposukuma kwa mara ya tatu, gari likatoka. Watu wakashangilia, dereva akawasha redio. Hakuna aliyeuliza mikeka ile ilikuwa ya faranga ngapi. Hata mimi sikukumbuka mpaka tulipofika, na nilichompa hakikutosha kununua mkeka mmoja.

Ndugu msomaji, hivyo ndivyo matope yanavyolipiwa kwetu. Hayalipiwi na mwenye gari. Hulipiwa na mwenye mzigo mdogo aliyekaa karibu na mlango.

Mlango uliopasuka

Jambo hili nililiona kwa mara ya kwanza Machi 2004. Nilikimbia Burundi mwishoni mwa 1993 nikiwa na miaka 13, nikasomea katika kambi za Kibondo. Darasani tulifundishwa kwa Kirundi na Kifaransa. Kiswahili tulikiokota sokoni. Baada ya Mkataba wa Arusha wa Agosti 2000, watu walianza kurudi kwa misafara, na siku yetu nayo ikafika.

Mama alibeba mlango. Alikwishaambiwa kwamba nyumba yetu ya zamani haina paa wala fremu, akaona bora aanze na mlango. Lori la mizigo lilikwama tukiwa tumekwisha vuka mpaka, kabla ya Gisuru, wakati huo mkoa wa Ruyigi. Dereva alikanyaga mafuta hadi moshi ukatufunika, na kadiri alivyokanyaga ndivyo lori lilivyozidi kuzama. Ndipo akauona mlango.

"Mama, tuazime huo mlango, tutakurudishia."

"Chukueni, wanangu," mama akajibu.

Mlango ulipasuka katikati. Kipande kimoja kilichomoka chini ya tairi kama jiwe la kombeo, kikampiga mguuni kijana aliyekuwa akisukuma kwa nyuma. Lori lilitoka. Kijana alishushwa Gisuru akiwa amebebwa, na nyumba yetu ilifungwa kwa turubai kwa miezi minne.

Somo la gari-nyumba

Aprili 2019 nilikwenda Kibondo kuwaona niliosoma nao. Nje kidogo ya mji nilikuta watu wamezunguka gari-nyumba, yale magari ya watalii yenye kitanda, jiko na choo ndani. Wenyewe walikuwa mtu na mkewe, wazee wa makamo yangu mara moja na nusu. Magari mengi ya aina hiyo kutoka Ulaya hutengenezwa yasizidi tani 3.5 pamoja na mzigo. Mengi huvutwa na magurudumu ya mbele, ilhali sehemu kubwa ya nyumba na mizigo iko nyuma. Hivyo tairi zinazovuta hubaki nyepesi, na kwenye utelezi huzunguka bure.

Vijana walikuwa tayari wanapatana bei ya kusukuma. Mzee yule akazima injini. Akafungua koki ya tangi la maji safi na kuyaacha yamwagike upande wa bondeni, maana lita 100 za maji ni kilo 100. Kisha akachimba matope mbele ya tairi, akachomoa vibao viwili vya plastiki ngumu vyenye meno, kila kimoja kama mita moja, akavisukumiza mpaka vikagusa tairi. Akaomba watu wote wakae pembeni. Akaingiza gia ya pili, akaachia klachi taratibu, na gari likapanda polepole kama ng'ombe anayetoka mtoni.

Mkewe akavisuuza vibao dimbwini na kuvirudisha mahali pake. Vilikuwa vizima. Nilisimama pale nikiukumbuka mlango wa mama.

Siyo nguvu, ni meno

Gari lililokwama halikosi nguvu. Linakosa mahali pa kung'ata. Difu ya kawaida huliacha gurudumu lenye utelezi lizunguke lenyewe, huku la pili likisimama pale pale. Kukanyaga mafuta hapo ni kuchimba kaburi la ekseli. Na mwaka 2024, tulipokuwa tukilala kwenye foleni za mafuta, tulijifunza uchungu wa kila lita.

Vibao vya plastiki si lazima. Fundi seremala yeyote anaweza kukupasulia mbao mbili ngumu, urefu wa mita moja na nusu, upana wa tairi, unene wa sentimita 5. Upande wa juu afungie vipande vya nondo kwa ukingani, ncha zisitokeze. Toboa tundu mwishoni, funga kamba fupi yenye kitambaa chekundu, ili usiitafute mbao ndani ya tope. Ongeza beleshi, na kipande cha ubao cha kukalishia jeki isizame.

Gari likikwama, acha kukanyaga mapema. Shusha abiria na mizigo, ila mzigo ulio juu ya ekseli inayovuta waweza kusaidia. Chimba mbele ya tairi na uondoe tope lililokumbatia chasisi. Inua gurudumu kwa jeki, jaza shimo kwa mawe au changarawe, kisha weka mbao. Kama huna mbao, matawi makavu yaliyopangwa kwa wingi yatafaa. Usitumie majani ya mgomba wala viroba vya plastiki. Huteleza kuliko tope lenyewe. Kupunguza upepo wa tairi husaidia, hasa kwenye mchanga, lakini uwe na pampu ya kuujaza tena kabla ya kukimbia.

Na hili lisisahaulike: asisimame mtu nyuma wala mbele ya tairi lililowekewa mbao, wala karibu na kamba au mnyororo unaovutwa. Kijana wa 2004 angekuwa pembeni, angeshuka Gisuru kwa miguu yake.

Baada ya tukio la mikeka nilipasuliwa mbao mbili, nikampelekea yule dereva wa Hiace. Alicheka. "Mwalimu, unataka kuniharibia sura ya gari?" Wiki mbili baadaye alinisimamisha njiani kunionyesha tope lililokauka juu ya nondo.

Basi nanyi mnaopakia maharage, dagaa na vitenge, kabla ya kulipa nauli muulizeni dereva: mbao ziko wapi? Akikosa jibu, jueni kwamba mvua ikinyesha atawageukia ninyi.