Upanga wa Kigiriki na milimita moja inayoharibu kila kitu

Ukisimama mbele ya upanga wa chuma wa Ugiriki ya kale kwenye makumbusho, mara nyingi unachokiona ni kutu yenye umbo la upanga. Chuma kikikaa ardhini miaka 2,400 kinavimba, kinamenyuka tabaka kwa tabaka, na sehemu kubwa inaondoka. Urefu bado unaweza kuukadiria, na upana pia si vibaya. Lakini unene wa asili umepotea, na ukishapotea unene, hujui tena upanga ule ulikuwa na uzito gani mkononi mwa mtu. Ndiyo maana kuna watu wanaoutengeneza upya kwa nyundo. Mwenye nakala anaweza kuuliza maswali ambayo kile cha kwenye kabati la vioo hakijibu tena.

Upanga tunaouzungumzia hapa unaitwa ksifosi. Ulibebwa na hopliti, yaani askari wa miguu wa Kigiriki mwenye ngao kubwa ya duara. Silaha yake ya kwanza ilikuwa mkuki. Upanga ulitoka alani mkuki ukivunjika au adui akishafika karibu mno. Una makali pande zote mbili na uti unaopita katikati, na bapa lake kwa kawaida ni kama sentimita 45 hadi 60. Kinachoutambulisha ni umbo: unabana kidogo baada ya mpini, unapanuka kuelekea mbele, kisha unachongoka ghafla. Kama jani. Ukishaiona sime ya Kimaasai, umbo hili halitakushangaza, maana nayo hupanuka vilevile kuelekea ncha. Hiyo haimaanishi kwamba mmoja alimwiga mwenzake. Uzito ukisogea mbele, silaha fupi inakata vizuri zaidi, na mhunzi yeyote anaweza kuligundua hilo peke yake.

Umbo hili ni la zamani kuliko chuma. Lilikuwapo tayari kwenye panga za shaba nyeusi, yaani shaba iliyochanganywa na bati, na hapo kulipata lilikuwa jambo rahisi: unachonga kalibu, unamimina, basi. Chuma hakikuwa na njia hiyo. Kinayeyuka kwenye nyuzi 1,538 za sentigredi, na tanuri za mkaa za Wagiriki hazikuwa za kumimina chuma. Kwa hiyo kila mpindo wa lile jani ilibidi ufuliwe. Mimi naona hapo ndipo ufundi wenyewe ulipo, na hapo ndipo nakala nyingi za kisasa zinapoharibika.

Tufanye hesabu kidogo, usikimbie. Chukua bapa la sentimita 45, lenye upana wa wastani wa sentimita 4. Ukilikata kwa msumeno, sura ya mkato ni ya almasi: nene katikati, sifuri kwenye makali. Katikati kukiwa na milimita 6, wastani wa unene ni nusu yake, milimita 3. Zidisha 45 kwa 4 kwa 0.3, unapata sentimita za ujazo 54. Chuma kina gramu 7.85 kwa kila sentimita ya ujazo, kwa hiyo bapa ni kama gramu 424. Sasa ongeza milimita moja tu kwenye ule wastani. Umeongeza gramu 141, yaani theluthi nzima ya uzito, na karibu nusu ya hizo ziko mbali na mkono wako. Ukiacha bati la milimita 6 lilivyo bila kulichonga, unafika gramu 848. Hilo ni panga la kufyekea lililovaa nguo za Kigiriki.

Mtu anayekata umbo kwa grenda kutoka kwenye bati anaangukia hapohapo. Kwa mbele inafanana na picha kabisa. Geuza uitazame kwa ubavu, unene ni uleule kutoka mpinini hadi nchani. Anayefua hupunguza unene kuelekea ncha kwa sababu nyundo yenyewe inamsukuma huko.

Kwa chuma, springi ya gari inatosha, ileile wanayoitumia wahunzi wetu kutengenezea visu. Ina kaboni ya kama asilimia 0.6. Ipashe mpaka iwe rangi ya chungwa, inyooshe, kisha anza kusukuma makali. Hapa kuna jambo litakalokushangaza: ukigonga upande mmoja tu, upande huo unarefuka na bapa zima linapinda kama mundu. Lazima ubadilishe pande mara kwa mara. Na kwa vile kugonga kunapanua, anza na kipande chembamba kuliko upanga unaoutaka. Kwenye makali acha kama milimita moja, ukichonga kabisa sasa yatapasuka au kujikunja wakati wa kuchovya.

Kuchovya kunahitaji joto sahihi. Sumaku itakusaidia: karibu na nyuzi 770 chuma kinaacha kushikwa na sumaku. Pandisha kidogo kupita hapo, kisha chovya kwenye mafuta. Kaboni inanaswa ndani kabla haijapata nafasi ya kutoka, na chuma kinakuwa kigumu lakini chepesi kuvunjika kama kioo. Kwa hiyo kipashe tena, nyuzi 200 hadi 300, mpaka uso uliosafishwa ugeuke kutoka rangi ya majani makavu kuelekea zambarau. Wagiriki nao walijua kuchovya. Katika Odisei, kitabu cha 9, Homer anamtaja mhunzi anayetumbukiza shoka kwenye maji baridi ili lipate nguvu. Kama nakala ni ya darasani, acha makali butu.

Sasa, nakala hii inaweza kukuambia nini? Uzito na mizani, ndiyo. Kama upanga ungepinda au kuvunjika ukigonga ngao, hapana, kwa sababu springi si chuma chao. Chao kilitoka tanurini kama bonge la sponji lililojaa mavi ya chuma, likagongwa likiwa moto mpaka uchafu utoke, na kaboni yake haikusambaa sawasawa. Ukitaka swali hilo lijibiwe, uanze na udongo wenye madini. Kazi ya aina hiyo imefanyika kwetu: miaka ya 1970, huko Kagera, wazee wa Kihaya walijenga upya tanuri lao na kuyeyusha chuma mbele ya mwanaakiolojia Peter Schmidt na mhandisi Donald Avery, na matokeo yakachapishwa mwaka 1978 kwenye jarida la *Science*. Kwa upanga utahitaji bonge kubwa kuliko unavyodhani, maana kila unapolirudisha motoni na kuligonga, sehemu yake inabaki sakafuni.