Pumzi ya Injini: Kuchagua Ekzosi Mpya kwa Gari Kongwe la Mbio

Datsun 240Z ni gari lenye historia katika Afrika Mashariki. Mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda nalo mashindano ya Safari Rally, na mwaka 1973 Shekhar Mehta na Lofty Drews wakashinda kwa gari la aina hiyohiyo. Magari hayo yaliyosalia sasa yana umri wa nusu karne au zaidi. Injini zake, zikitunzwa, zingali na nguvu. Kinachotangulia kuoza ni bomba la kutolea moshi, ambalo mafundi huliita ekzosi.

Mwenye gari anapotafuta ekzosi mpya, shauri analopewa mara nyingi ni moja: nunua bomba pana kuliko lile la zamani, nalo litanguruma na kuliongezea gari nguvu. Ngurumo huja kweli. Kuhusu nguvu, hesabu ambayo mwanafunzi wa sekondari anaweza kuifanya daftarini inatoa jibu lenye uangalifu zaidi.

Injini ya 240Z ina silinda sita zenye ujazo wa jumla wa sentimita za ujazo 2,393, yaani takribani lita 2.4. Kwa kuwa ni injini ya mapigo manne, kila silinda huvuta hewa mara moja katika kila mizunguko miwili. Injini ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, silinda zote kwa pamoja zingeweza kuvuta lita 7,200 kwa dakika, yaani lita 120 kwa sekunde. Kwa kweli silinda hazijai kabisa. Ikichukuliwa kuwa zinajaa kwa asilimia 85, hewa inayoingia ni kama lita 100 kwa sekunde. Hewa hiyo iliingia ikiwa na halijoto ya nyuzi 20 za Selsiasi, yaani Kelvini 293. Ikipita katika bomba la nyuma ikiwa na nyuzi 450, yaani Kelvini 723, itakuwa imetanuka karibu mara mbili na nusu. Kwa hiyo bomba linapaswa kupitisha lita 250 za gesi kila sekunde, zaidi ya madebe 12.

Katika bomba lenye kipenyo cha ndani cha sentimita 5, gesi hiyo hukimbia kwa kasi ya mita 127 kwa sekunde. Kipenyo kikiwa sentimita 6, kasi hushuka hadi mita 88. Kikiwa sentimita 7.5, hadi mita 57. Msuguano wa gesi katika bomba huongezeka kwa kipeo cha pili cha kasi, na hupungua kadiri bomba linavyopanuka. Mambo hayo mawili yakiunganishwa, kanieneo linalopotea njiani hufuata takribani kipeo cha tano cha kipenyo. Hivyo kutoka sentimita 5 hadi 6, badiliko ambalo jicho halilitambui kwa urahisi, hupunguza hasara hiyo hadi kama asilimia 40 ya ile ya mwanzo. Hilo ni badiliko kubwa. Lakini hasara ikiisha kuwa ndogo, kuipunguza tena huleta faida ndogo mno, na bomba lenyewe huwa zito, ghali, na gumu kupenyeza chini ya gari bila kugonga mawe ya barabarani.

Kwa injini isiyobadilishwa, basi, bomba lenye kipenyo cha ndani cha sentimita 6 linatosha. Lile la sentimita 7.5 lina maana pale tu injini ilipoongezwa ujazo na kupewa kabureta kubwa zaidi. Asiyetaka kukisia anaweza kupima: fundi hutoboa tundu dogo mbele ya sailensa, akafunga geji ya kanieneo, na gari likaendeshwa kwa nguvu zake zote. Geji ikisoma kidogo sana, bomba lililopo halina kosa, na fedha zitumike kwingine. Kipimo hiki ni rahisi kuliko ekzosi yoyote, na inashangaza kwamba wachache huanza nacho.

Wako pia wanaoshikilia kinyume chake, kwamba injini huhitaji kanieneo la nyuma ili iwe na nguvu katika mwendo mdogo. Dai hilo lina chembe ya ukweli iliyoelezwa vibaya. Kanieneo la nyuma halimsaidii pistoni anayesukuma gesi nje, humzuia tu. Kinachosaidia ni mwendo wa gesi na mawimbi yake. Kila valvu ya kutolea moshi inapofunguka, wimbi la mgandamizo hukimbia ndani ya bomba. Likifika mahali bomba linapopanuka ghafla, hurudi likiwa wimbi la mvuto. Likiwahi kufika kwenye valvu kabla haijafungwa, huvuta mabaki ya moshi na kuipisha hewa mpya. Wimbi hilo huwahi katika kiwango fulani tu cha mizunguko, na urefu na upana wa mabomba ya mbele ndivyo vinavyoamua kiwango hicho. Mabomba ya mbele yakiwa mapana kupita kiasi, manufaa hayo huhamia kwenye mizunguko mingi ambayo dereva wa kawaida haifikii.

Hapa 240Z ina bahati ya maumbile. Silinda zake huwaka kwa mpangilio wa 1, 5, 3, 6, 2, 4. Mwanafunzi akiziandika silinda tatu za mbele kwa rangi moja na tatu za nyuma kwa rangi nyingine, ataona kwamba rangi hupokezana bila kukosea. Kwa hiyo manifoldi inayokusanya tatu za mbele katika bomba moja, na tatu za nyuma katika jingine, huzipa silinda za kundi moja nafasi ya digrii 240 kati ya moshi na moshi, badala ya digrii 120. Silinda moja haipulizi moshi wake usoni pa jirani. Ndiyo sababu mabomba mawili yanayoungana baadaye kuwa moja yanafaa sana kwa injini hii.

Manifoldi mpya ya mabomba huleta tatizo lake. Katika injini hii kabureta na manifoldi ya moshi ziko upande mmoja, kabureta zikiwa juu. Mabomba membamba ya chuma hutupa joto jingi kuliko chuma kizito cha kusubu, na petroli huweza kuchemka ndani ya kabureta gari linapozimwa juani. Kinga ya bati kati ya viwili hivyo si pambo. Aidha, matundu ya moshi katika kichwa cha injini ya 240Z ni ya mraba, ilhali baadhi ya vichwa vya 280Z na 280ZX vilivyofuata vina matundu ya duara. Mnunuzi afungue atazame kabla ya kulipa.

Kuhusu chuma chenyewe, adui ni maji. Petroli ina haidrojeni, na lita moja ikiungua huzaa karibu kilo moja ya maji. Katika safari ndefu maji hayo hutoka yakiwa mvuke. Katika safari fupi za kwenda sokoni na kurudi, bomba halipati moto wa kutosha. Mvuke huganda ndani ya sailensa, ukachanganyika na asidi, na kutu ikaanza kutoka ndani. Gari linaloendeshwa mara moja kwa wiki hutoboka mapema kuliko linalosafiri kila siku.

Chuma cha kawaida ni rahisi kulehemu na bei yake ni ndogo. Kilichopakwa alumini hudumu zaidi, isipokuwa kwenye maungio, ambako moto wa kulehemu huondoa mpako. Chuma kisichoshika kutu kiko cha aina nyingi. Aina ya 409 ina kromiamu kama asilimia 11, na baada ya muda hupata kutu ya juujuu. Aina ya 304 ina kromiamu asilimia 18 na nikeli asilimia 8, nayo hustahimili zaidi. Muuzaji huweza kuziita zote mbili kwa jina moja bila kusema uongo. Sumaku ndogo huzitenganisha: 409 huivuta, 304 haiivuti au huivuta kwa unyonge. Hata hivyo 304 hutanuka zaidi. Bomba la mita 3 likipanda kwa nyuzi 300 hurefuka karibu milimita 15, dhidi ya milimita 11 za chuma cha kawaida, na likifungwa kwa ugumu pasipo mipira ya kuning'inizia, litapasuka.

Sauti nayo ina hesabu yake. Injini ya silinda sita kwa mizunguko 3,000 hutoa mapigo 150 kwa sekunde, na mvumo huo mzito ndio unaochosha masikio katika safari ndefu. Sailensa ya bomba lenye matundu lililozungushiwa pamba ya kioo hupunguza sauti kali, lakini mvumo mzito huipita. Huo huhitaji sailensa yenye vyumba. Sailensa moja ya kila aina ni chaguo la busara.

Jambo la mwisho huamuliwa na mlango wa nyuma. Gari hili likienda kasi, kanieneo la hewa nyuma yake hupungua, na moshi hurudi kuelekea mlango huo. Mpira wa kuziba ukiwa umekauka, kaboni monoksaidi huingia ndani. Gesi hiyo haina harufu, na hushikamana na himoglobini ya damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200; dalili za kwanza ni kichwa kuuma na usingizi, ambazo dereva huzidhania kuwa uchovu. Ncha ya ekzosi mpya sharti ipite nje ya bampa, na kila ungio lipimwe injini ikiwa baridi kabla gari halijaondoka kwa fundi. Kisha kipande cha karatasi kibanwe kwenye mlango wa nyuma, mahali baada ya mahali, na kuvutwa. Panapokitoa bila kukikamata, mpira ubadilishwe siku hiyohiyo.